Maman Victorine na Ile "Oui" ya Kwanza

Jumanne tarehe 30 Juni 2026, mtoto wa mwisho akishachukuliwa na mzazi wake, Maman Victorine Kavira atavua lile koti la buluu na kustaafu, baada ya miaka ishirini na minane katika shule yetu ya manispaa hapa Molenbeek. Waandaaji wa hafla wameniomba wasifu mfupi na wa kuchangamsha. Ufupi nitaujaribu. Uchangamfu, mwishoni mwa mwaka wa shule, huku walimu watatu wakiwa wagonjwa na hakuna wa kushika madarasa yao, msinidai sana.

Anayeandika ni Tasnim wa jikoni. Nimesimama na mstaafu wetu katika ukumbi wa chakula miaka kumi na mitatu, yeye akituliza meza, mimi nikipakua supu. Yeye ni mtu wa Butembo kule Kongo, mimi wa Tanga. Husema Kiswahili changu kimepigwa pasi, nami humjibu kwamba chake kimelala na nguo zake. Tumeelewana hivyo hivyo.

Alifika Brussels katikati ya miaka ya tisini akiwa na watoto wawili na bila koti la baridi. Mwaka 1998 shule ilimwajiri kufanya usafi. Mlezi mmoja wa watoto alipojifungua, Victorine aliombwa amshikie zamu ya uwanjani kwa muda. Yule mlezi hakurudi, na ule "muda" ndio unaokwisha Jumanne.

Kazi ya mlezi haiimbwi na mtu. Ndiye anayepokea watoto asubuhi kabla walimu hawajafika, anayekaa nao mchana, na anayebaki nao jioni mpaka wazazi watoke kazini. Hufunga kamba za viatu, hufuta pua, huamua ugomvi wa mpira. Mtoto akianza kulia kwamba amesahauliwa, ndiye anayemwambia baba yuko njiani, hata kama hajui njia gani. Baadhi ya watoto aliowapokea sasa wanaleta watoto wao, na bado anawafokea koridoni wakikimbia.

Maana tusidanganyane, Maman Victorine ni mkali. Aliwahi kumwacha mgeni mmoja wa heshima akilowa mvua nje kwa sababu alitaka kupitia mlango wa watoto. Majina nayo humpotea, kwa hiyo kila mvulana kwake ni papa, yaani baba, na kila msichana ni maman, kama kwao. Wazazi wa Kibelgiji walishangaa mwanzoni, kisha wakazoea, na kuna mama mmoja wa Kifleming ambaye siku hizi humwita mwanawe papa mbele za watu.

Mwaka ambao mzee wetu wa kuigiza Mtakatifu Nikolasi, anayewagawia watoto zawadi kila Desemba, aliugua asubuhi ya sikukuu yenyewe, ni yeye aliyevalishwa ndevu na kofia ya askofu. Mtoto mmoja wa chekechea akamkazia macho, akatangaza kwa sauti kwamba Mtakatifu Nikolasi anaongea kama Maman Victorine. "Bon, papa," akamjibu bila kucheka, "ni juu tunatoka kijiji moja." Mtoto akaridhika, akachukua chenza lake, akaenda zake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo bila hilo huyu mama hajaelezwa.

Wazazi wetu wengi wametoka Kivu na Katanga. Wakiitwa na mwalimu huja na nguo za Jumapili, baba kwenye suti, mama kwenye kitenge kipya. Hukaa ukingoni mwa kiti, na kila atakalosema mwalimu huliitikia: "Oui, madame. Merci, madame." Kule walikolelewa, mtu hambishii mwalimu mbele ya meza yake. Unapokea maneno, unayapeleka nyumbani, familia inakaa, halafu anatumwa tonton, yaani mjomba, au shangazi mwenye kujua kusema, arudishe jibu. Ile oui, ile ndiyo ya kwanza, ni ya kupokea maneno tu. Shuleni kwetu, oui ya kwanza ndiyo jibu. Tonton anapofika baadaye na suti yake, anaambiwa kwa upole kwamba yeye si mzazi, na kwamba mtoto ameshapata nafasi katika shule nyingine.

Hiyo shule nyingine kwa kawaida ni ya elimu maalumu. Maman Victorine hajawahi kuzisema vibaya shule hizo. Anawajua watoto walionawiri huko, na mmoja bado humletea keki. Kinachomchosha ni wale wanaopelekwa kwa sababu Kifaransa hakijawakaa, au kwa sababu hawasemi kabisa, huku wazazi wao wameitikia kwa adabu. Na kanuni za kazi zinamkataza mlezi kuisemea familia kikaoni. Miaka yote hiyo kazi yake imekuwa kuwapelekea kahawa na kutoka. Siku moja nilimkuta amesimama koridoni na sinia tupu mkononi.

"Beko nasema oui," aliniambia, akimaanisha kwamba wazazi wanaitikia tu. "Kila siku ni oui. Minachoka, Tasnim."

Tukaenda kuosha vikombe.

Ndiyo maana mwaka huu, badala ya kujiandalia safari ya kupumzika kama mtu mwenye akili zake, aligombea kiti katika baraza la shule. Baraza hili ndilo linaloamua chakula cha mchana kiweje, sheria za uwanjani ziweje, na wazazi wapokewe vipi. Kiti kimoja hutengewa mtu wa nje anayeaminiwa na wazazi, na mstaafu anaruhusiwa kukigombea. Hakuwa na hamu nacho. Magoti yanamsumbua, na kwake Ganshoren ni kimya kiasi cha kusikia jirani akigeuza ukurasa wa gazeti. Alitaka kwenda kukaa katika kimya hicho. Lakini hakuna mwingine aliyejitokeza kulisema jambo lake, basi akalisema mwenyewe.

Alizunguka siku zake za mapumziko. Alipita Chaussée de Wavre, mtaa wa maduka ya Waafrika, saluni kwa saluni, na kwenye maduka ya samaki wa chumvi ambako watu huja kununua kidogo na kuongea sana. Jumapili alisimama nje ya kanisa. Alisema mtoto wa darasa la kwanza asirudishwe darasa kwa sababu ya Kifaransa peke yake, maana mwaka wa kurudia huja na vitabu vilevile. Alisema watoto wote wapewe supu mchana bila kuulizwa nani ameandikishwa, wazo ambalo naliunga mkono ingawa karoti nitazimenya mimi. Na la kubwa, alisema oui ya kwanza isihesabiwe. Kila familia ipewe kikao cha pili baada ya juma moja, na mtu wao wa kuwasemea aruhusiwe kuketi nao.

Mpinzani wake alikuwa Jean-Baptiste Ilunga, mhasibu wa Lubumbashi, ambaye watoto wake walimaliza hapa kwetu. Ni mtu mzuri, nisimwonee. Yeye alitaka Kifaransa tu, hata uwanjani, kwa kuwa ndicho kitakachowapa watoto kazi. Na vikao vya pili, alisema, vitamchelewesha mtoto anayehitaji msaada kweli. Mwanawe mwenyewe aliwahi kusubiri msaada mwaka mzima, kwa hiyo hakuwa akitafuta kura tu. Jioni ya wagombea Maman Victorine alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama kwa shida.

"Papa Jean-Baptiste, hauna kosa," akasema. "Ila semaine moja haiue mutoto. Kumupeleka fasi haiko yake, alors ile inamukulia miaka."

Watu walipiga makofi: juma moja ni nini mbele ya miaka katika shule isiyo ya mtoto? Aliwauliza wazazi mmoja mmoja kama watampa kura, na kila mmoja akasema, "Oui, maman, bila shaka." Wiki ile alitembea kama magoti yamepona.

Siku ya kura Jean-Baptiste alisimama kwenye mlango wa ukumbi wa michezo akimpa mkono kila anayeingia na kumwomba kura yake. "Oui, papa, bila shaka," wakamjibu, wakaingia moja kwa moja na ile oui ikiwa bado ya moto, wakampigia. Maman Victorine alishindwa, tena vibaya. Mtu ambaye katika Brussels nzima anajua kuliko wote oui ya kwanza ina uzito gani, alikuwa amezikusanya na kuziamini. Nilicheka mpaka machozi, kisha nikaona uso wake nikaacha.

"Nilijua, wee," aliniambia. "Ila nilitaka kuamini."

Na kushindwa kwake kulikuwa na mtu wa kuumizwa. Sephora, binti wa Modeste na Rolande, aliingia kwetu mwaka jana akitokea Goma, kwenye vita. Darasani hasemi. Anakaa karibu na dirisha na kuchora, na ukimuuliza jina lake anakuangalia tu. Jioni, uwanja ukishapungua watu, huongea na Maman Victorine, kidogo na kwa sauti ya chini, lakini huongea. "Ule mutoto haiko mugonjwa," mwenzangu alisema mara nyingi mezani. "Aliona mambo mingi. Bamuache kwanza apumzike."

Wiki iliyopita wazazi wake waliitwa. Madame Anaïs, mkuu wetu, ni mwanamke mwenye haki na aliyechoka kuliko sisi sote; ana mtaalamu mmoja wa watoto anayekuja siku moja kwa juma, na orodha ya watoto haimaliziki. Aliwaeleza vizuri habari za shule ya elimu maalumu na nafasi iliyopatikana kwa mwaka mpya wa shule. Suti ilikuwepo, kitenge kilikuwepo. "Oui, madame. Merci, madame."

Yaliyofuata nimeelezwa na Modeste mwenyewe, jikoni kwangu. Madame Anaïs aliwapongeza kwa uamuzi wao. Rolande akainuka kuaga. Modeste, ambaye siku ya kura alimpigia Jean-Baptiste na hajivunii, akabaki kwenye kiti.

"Nikamuambia: non, madame, hatuyaamua," alisimulia, yaani bado hawajaamua. "Ile oui ilikuwa ya kukuheshimu. Jibu, famille italeta mercredi."

Madame Anaïs angeweza kukataa, kwa maana hakuna kanuni inayomlazimisha, na baraza halijapitisha kitu. Akafungua kalenda yake akawapa Jumatano saa nne asubuhi. Akauliza nani atakuja kuisemea familia, Modeste akamtaja Maman Victorine. Mkuu akasikitika, akaeleza kwamba mfanyakazi wa shule haruhusiwi.

"Nikamuuliza: mais madame, mercredi si atakuwa ameisha kutoka kazi?"

Inasemekana Madame Anaïs alicheka, jambo ambalo hatujalisikia tangu mwezi wa Aprili. Kisha akaliandika jina.

Maman Victorine, asante kwa asubuhi zote za baridi, kwa pua ulizofuta, na kwa kelele ulizotuliza ili sisi wengine tusikie tunachosema. Wenzako wa jikoni na uwanjani wanakupenda, na mimi nitakuwa na hamu nawe kila mchana. Kiti cha baraza hukukipata, na sijui Jumatano watakujibu nini. Lakini tarehe mosi Julai utaketi mbele ya meza ile kama shangazi wa Sephora, na hakuna kanuni ya kukutoa. Sema polepole, Kiswahili chako kimelala na nguo zake lakini Kifaransa chako kimenyooka.

Tunakutakia maisha mema, afya ya magoti, na usingizi wa kutosha, kuanzia Alhamisi.