Dokta Tusajigwe na Waliokufa Wakisubiri Ruhusa

Aliyelala katika jeneza hili ni Dokta Tusajigwe Mwaisumo Kamugisha, daktari bingwa wa upasuaji. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1978, Tukuyu, wilayani Rungwe, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Lusungu Mwaisumo na marehemu Mama Apolonia. Kwao wanakumbuka kuku mmoja mweupe aliyeraruliwa na mbwa wa jirani. Tusajigwe, akiwa bado msichana wa shule ya msingi, alimshona kuku yule kwa uzi wa cherehani ya mama yake, na kuku akapona. Mwisho wa mwaka wakaja wageni wa kanisani, na Mzee Lusungu akaagiza achinjwe kuku huyohuyo. Tusajigwe hakulia. Alikaa bila kumsemesha baba yake tangu Krismasi mpaka Pasaka, na hata hiyo Pasaka aliyeanza kusema alikuwa baba.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Tukuyu, akamaliza mwaka 1992. Sekondari alisoma shule ya bweni ya wasichana mkoani Iringa, na mwaka 1999 akaja Dar es Salaam kusomea udaktari. Alihitimu mwaka 2004. Baada ya mwaka wa mafunzo kazini alipelekwa hospitali ya wilaya mkoani Morogoro, mahali ambapo daktari alikuwa mmoja na barabara kuu ilikuwa inaleta majeruhi kila wiki. Huko alizoea kupasua bila kumwomba mtu ruhusa, kwa sababu wa kumwomba hakuwepo.

Huko pia ndiko alikompata mumewe. Mwalimu Edgar Kamugisha, mzaliwa wa Bukoba, alimleta mwanafunzi wake aliyevunjika mkono, akakaa kwenye benchi mpaka mtoto alipofungwa plasta. Kesho yake akarudi bila mgonjwa. Tusajigwe akamuuliza, "Leo nani ameumia?" Edgar akajibu kwamba ni yeye. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2009, wakajaliwa watoto wawili, Kokushubila na Brightson. Walianza maisha kwenye nyumba ya kupanga Kawe, kisha wakajenga hapa Mbweni.

Mwaka 2011 marehemu aliingia masomo ya ubingwa wa upasuaji katika hospitali kubwa ya rufaa jijini. Msimamizi wake alikuwa mkuu wa idara, Profesa Elibariki. Familia imekaa ikajadiliana kama jina hilo litajwe siku ya leo. Wapo waliosema msibani si mahali pake. Marehemu alishasema litajwe, kwa hiyo limetajwa.

Katika idara ile palikuwa na utaratibu kwamba daktari anayesomea ubingwa asifungue tumbo la majeruhi mpaka bingwa wake aruhusu. Mchana mmoja wa Agosti 2013 aliletwa dereva wa bodaboda, Khalfani Jabiri, kijana wa Mtoni, Temeke, aliyegongwa na lori barabara ya Mbagala. Alikuwa anaongea. Aliomba maji, akaomba mama yake apigiwe simu. Tusajigwe alipomgusa tumbo alijua bandama limepasuka. Ultrasaundi ikaonyesha damu. Presha ikawa inashuka. Chumba cha upasuaji kilikuwa wazi, mtu wa kutoa dawa ya usingizi yupo, na damu ya kumwongezea ipo. Kilichokosekana ni ruhusa.

Akampigia Profesa, aliyekuwa kwenye semina hotelini, akaweka simu sauti ya juu ili mikono ibaki kwa mgonjwa.

"Anavujia ndani, Prof. Naomba nimfungue sasa hivi."

"Subiri nije."

"Prof, hatafika."

"Wewe mwanamke una haraka gani na kisu? Nimesema usimguse mpaka nifike."

Alipiga tena, simu haikupokelewa. Akapiga tena. Khalfani akaacha kuomba maji. Profesa aliingia wodini jua limeshazama, kitanda kimeshatandikwa shuka jipya.

Wiki iliyofuata kiliitishwa kikao cha kujadili kifo kile. Profesa Elibariki alisimama akasema kwamba hakupigiwa simu, na kwamba daktari wa zamu alizubaa. Walioisikia ile simu kwa masikio yao walikuwemo ukumbini. Kila mmoja aliangalia viatu vyake. Baadhi yao wamekaa hapa leo, wamevaa nguo nyeusi. Tusajigwe alisimamishwa masomo mwaka mzima.

Edgar anasimulia kwamba siku ile mkewe alirudi nyumbani, akafua nguo zote za watoto, zikiwemo safi, kisha akasema, "Huyu nitamlipa."

Ilipopita arobaini ya Khalfani, akaenda Mtoni peke yake. Mama wa Khalfani, Bi Mwanakombo, alikuwa ameketi mkekani na ndugu zake. Alishaambiwa kwamba mwanawe aliuawa na uzembe wa daktari wa kike.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiwe wewe uliyemwacha mwanangu afe?"

"Nilikuwa nimesimama naye. Nilijua la kufanya, nikakatazwa na mkubwa wangu. Baadaye akasema sikumpigia."

"Na wewe umekuja hapa nikupoze?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukuambia jina lake."

Akamwambia. Bi Mwanakombo akalirudia jina lile polepole, kama mtu anayejifunza neno la lugha ngeni. Kisha akauliza, "Sasa utamfanya nini? Mtu mkubwa yule."

"Nitawatafuta wote waliokufa wakisubiri ruhusa kama Khalfani. Nitawahesabu, kisha nitamsomea hesabu hiyo mbele ya wenzake."

"Itachukua muda?"

"Miaka."

"Mie nipo," akasema Bi Mwanakombo, na ndipo akamkaribisha chai.

Marehemu alirudi masomoni, akavumilia yale aliyofanyiwa, akahitimu ubingwa mwaka 2015. Aliajiriwa katika hospitali nyingine, upande wa kusini mwa jiji, na mwaka uliofuata akaandika pendekezo la utafiti wake. Swali lilikuwa moja: majeruhi anayevujia damu tumboni, akifunguliwa mapema na daktari mwanafunzi aliyefundishwa vizuri huku bingwa yuko njiani, anapona zaidi au anakufa zaidi kuliko yule anayesubirishwa? Kamati iliyopaswa kupitisha utafiti huo ilimrudishia mara mbili. Mjumbe mmoja alimvuta pembeni akamwambia, "Dada, achana na hili, unatafuta ugomvi." Akajibu, "Ugomvi ninao tayari, natafuta majibu." Mara ya tatu wakapitisha.

Kabla ya kuwaruhusu vijana wanaosomea ubingwa kushika kisu aliwafundisha kwa ukali. Jumamosi alikuwa anawaleta hapahapa nyumbani, barazani, na ndoo za utumbo wa mbuzi kutoka machinjioni, washone na kufumua mpaka mshono usivujishe maji. Majirani wa Mbweni walilalamikia harufu. Jirani mmoja alikuja kuuliza kama hapa pamefunguliwa genge la supu. Vijana wakacheka. Marehemu hakucheka, alimwonyesha kijana wa mwisho mshono wake ulipokuwa unavuja, akamwambia, "Hapa umeshamuua. Anza upya."

Utafiti ulipokamilika majibu yakawa wazi. Waliosubirishwa walikufa kwa wingi zaidi, na mikono ya wanafunzi waliofundishwa haikuwa na makosa zaidi ya mikono ya mabingwa. Mwezi Novemba 2019 alipangiwa kuyasoma kwenye mkutano mkubwa wa madaktari wa upasuaji, hapa jijini. Meza kuu aliketi Profesa Elibariki, mwenyekiti wa kikao. Safu ya mbele, katikati ya suti, aliketi Bi Mwanakombo na baibui lake jipya. Tusajigwe alikuwa amemfuata Mtoni kwa gari asubuhi ile.

Alisoma kila kitu kwa sauti moja, bila kupandisha. Alipofika mwisho akasema, "Utafiti huu ulianza na mtu mmoja ambaye hayumo kwenye hesabu, kwa sababu alikufa kabla haujaandikwa. Anaitwa Khalfani Jabiri. Familia yake imeniruhusu nimtaje."

Profesa akavuta kipaza sauti. "Daktari, hapa umetuletea utafiti au kesi?"

"Utafiti ni wangu, Profesa. Mwenye kesi ni huyu mama hapa mbele."

Bi Mwanakombo akasimama. Hakungoja kipaza sauti. "Ndiwe uliyesema wakusubiri? Mwanangu alikusubiri. Ulikuwa wapi?"

Profesa akafungua chupa ya maji, akanywa, akaifunga. "Mama, mambo haya ni ya kitaalamu."

"Kufa kwake hakukuwa kwa kitaalamu," akasema Bi Mwanakombo. "Nakuuliza ulikuwa wapi."

Hapo mtu mmoja wa nyuma, muuguzi Najat, akasimama, akasema kwamba siku ile yeye alikuwepo, simu ilipigwa, na alisikia jibu. Baada yake akasimama mwingine, kisha mwingine. Viatu havikuangaliwa tena. Profesa aliteremka meza kuu, akatokea mlango wa pembeni. Uongozi wa hospitali yake uliunda tume, na mwaka uliofuata akaondolewa ukuu wa idara. Utaratibu wa kusubiri ruhusa ukafutwa.

Jioni ya mkutano ule Tusajigwe alikula ndizi na samaki, akaomba aongezwe, akamwambia mumewe, "Leo nimeshiba." Edgar anasema tangu mwaka 2013 hakuwahi kumsikia akisema hivyo.

Aliendelea kufundisha mpaka alipoishiwa nguvu. Kila mwanafunzi wake aliulizwa swali lilelile: mgonjwa anavuja damu, mkubwa wako hapokei simu, unafanya nini? Aliyejibu kwamba angesubiri alirudia zamu zote.

Mwezi Oktoba 2024 alianza kupungua mwili na macho yakawa ya njano. Alijua kabla ya vipimo kwamba ni kongosho, na kwamba saratani imeshafika kwenye ini. Alipolazwa, aliwaita wanafunzi wake kitandani, akainua shuka. "Gusa hapa. Unahisi nini?" Kijana aliyekuwa mbele akaanza kulia. "Usilie, jibu," akamwambia. Kijana akajibu. "Vizuri. Na mwenzako aguse."

Mwezi Mei mwaka huu Profesa Elibariki alimtuma mchungaji aombe wapatane. Mchungaji alikaa kitandani, akazungumza naye kwa upole kuhusu msamaha.

"Ameshaenda Mtoni?" marehemu akauliza.

"Hajasema."

"Basi aanzie huko. Akitoka kwa Bi Mwanakombo aje kwangu, nitamsikiliza."

Hakwenda Mtoni, wala hakuja. Dokta Tusajigwe alifariki dunia nyumbani kwake Mbweni, asubuhi ya tarehe 19 Juni 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, Mwalimu Edgar. Watoto, Kokushubila na Brightson. Dada yake, Filomena, aliyeandika na anayesoma wasifu huu. Na Bi Mwanakombo, ambaye leo amekaa safu ya familia kwa sababu marehemu alimwita mama. Ameacha pia mabingwa wengi wa upasuaji aliowafundisha, na ndio watakaobeba jeneza.

Kuna agizo moja la mwisho, ambalo marehemu alilisema mbele ya mumewe na dada yake akiwa na akili zake timamu. Wakati wa kuweka udongo, waombolezaji wote mnakaribishwa. Profesa Elibariki, aliyeketi chini ya hema la pili, anaombwa asisogee kaburini.

Mungu ampokee Tusajigwe, na ampe pumziko alilolifanyia kazi.