Besi ya Huzuni

Treni ilipoondoka Mang'ula, mama mmoja mgeni aliketi mbele ya Antoni na kumkuta akikariri kwa sauti maelezo yake kwa mahakama ya kanisa: "Nililazimishwa kumwoa Margareta. Ndoa ile ni batili."

"Matangazo ya ndoa yaliposomwa Jumapili tatu, mbona hukupinga, baba?"

"Nilikuwa kwenye kwaya, mama. Naimba besi."

"Aliyelazimishwa anaimba besi?"

"Kwa huzuni."

Abiria wa jirani wakajifanya wanatazama mpunga nje ya dirisha. Antoni hakucheka. Jane, mchumba wake, alikuwa amesubiri miaka sita ndoa ile ibatilishwe ili wao wafunge yao kanisani. Lakini siku ya kuachana na Margareta, Antoni alimwahidi kwamba hatasema uongo kuhusu ndoa yao.

Treni iliposimama Ifakara, alimpigia Jane. "Nitawaambia mapadre wa mahakama kweli. Margareta nilimpenda."

Jane akakata simu. Antoni akashuka, akauliza njia ya kwenda kwa mapadre.