Ndindi Aliyewapima Watoto wa Jericho

Jumanne, tarehe kumi na mbili Mei, mwaka wa themanini na moja. Siku hiyo ndipo mambo yalipoharibika, wasikilizaji wapendwa. Fomu nne za chuo kikuu zilirudishwa mtaani kwetu Jericho, Nairobi.

Leo tunamkumbuka Ndindi, fundi wa nguo. Ndindi alikuwa mke wangu. Ndiyo, mimi Kiilu, mtangazaji wenu, niliyeishia darasa la nne nikaajiriwa kwa sauti tu.

Ukutani mwa kibanda chake, kwa chaki ya kushonea, Ndindi aliandika kila kozi na masomo inayoyadai. Alinakili kutoka karatasi ya chuo. Mwanafunzi wa Kidato cha Sita akija kupimwa suruali, anapimwa na kozi pia.

"Uhandisi utakubana, baba. Huna Fizikia. Jaribu Biashara, hiyo itakukaa."

"Na udaktari, mama?"

"Kwa D hizo? Utakuvuka hadi magotini!"

Kibanda kizima kicheko.

Basi fomu za wanafunzi wanne zikarudi, kwa kuwa chuo kilibadilisha masomo kinayoyadai. Ufamasia sasa unadai Hesabu. Wakiuru, binti wa jirani yetu, hakuwa na Hesabu. Alikuwa na Bailojia, Kemia na Jiografia. Na mwisho wa kujaza ni Ijumaa.

Ndindi akaenda chuoni na karatasi yake. Nilikuwa naye.

"Mama, hiyo ni ya zamani," karani akasema. "Mpya imebandikwa."

"Wapi?"

"Huku ndani."

"Na mwanafunzi anaingia huko?"

"Haruhusiwi."

"Sasa mnawabandikia nani, mende?"

Karani mwenyewe alicheka, akamletea karatasi mpya. Simlaumu karani. Nawalaumu waliokalia viti vikubwa.

Ndindi alifuta ukuta, akaandika upya, akalinganisha kozi moja moja. Kilimo kilikubali Jiografia. Alhamisi Wakiuru akajaza Kilimo. Leo ni afisa wa kilimo. Aliniambia, "Chuo kilinipima mara moja kikanirudisha. Mama Ndindi alinipima mara mbili."

Kati ya wale wanne, watatu walipata nafasi. Wa nne, Wanyoike, alikuwa Murang'a kumzika babu yake. Alirudi Jumatatu. Sasa anabeba magunia Industrial Area. Jumamosi iliyopita tulipomzika Ndindi, hakuna aliyeimba kwa sauti kumshinda Wanyoike.

Binti zangu Ndanu na Kavutha, poleni. Jericho nzima, poleni. Ndindi aliwaandikia wakubwa wa chuo barua tatu, swali ni moja. Hawakujibu hata moja. Tafakarini nami, wasikilizaji wapendwa: nani aliamua karatasi ya watoto wetu ibandikwe nyuma ya mlango ambao watoto wetu hawaruhusiwi kuupita?