Waya kwa Santuri, Ufunguo kwa Breki

Benchi lenyewe ni ubao wa lori uliolazwa juu ya mapipa mawili ya lami, pale Kanamkemer, ubavuni mwa mahali pa kuziba pancha, na jua la Lodwar hulifikia saa mbili asubuhi bila kupiga hodi. Mwenye birika la kahawa ni Keziah, mjane wa Nakuru aliyeletwa Turkana na mume mwaka wa sabini na tisa, mume akafa, yeye akabaki. Wateja wake wa kila siku ni watatu. Ochola, karani mstaafu wa maji, huitwa Santuri kwa sababu ana sahani za zamani za muziki, nyingi kuliko meno yaliyomo mdomoni mwake. Abdimajid, mwenye lori, huitwa Breki kwa sababu lori lake halina za kutosha. Ekwam, mlinzi wa ghala, huitwa Jaji kwa sababu hukata kesi ambazo hakuna aliyempelekea. Jumamosi hiyo ya Agosti 2012 Keziah hakutaka kesi. Mjukuu wake Wangari alikuwa anaolewa Kakuma saa nane mchana, na barabara ya Kakuma ilikuwa inakula saa nne, hapo ni kama springi haijavunjika. Viti, sufuria na spika vilikuwa vimepakiwa. Bibi harusi alikuwa ameketi kiti cha mbele cha lori, gauni mapajani, ndani ya mfuko wa nailoni. Kilichobaki ni kuwasha injini. Lakini lori lilikuwa la Breki na mashine ya muziki ilikuwa ya Santuri, vyote vimetolewa bure kwa ujirani mwema, na mtu aliyekupa kitu bure utamfokea vipi?

— Bibi harusi anaingia na wimbo wa Bondeni Twist, alisema Santuri. Ama spika zangu zishuke sasa hivi.

Alikuwa ameukumbatia waya wa umeme wa mashine yake kama mtoto mwenye homa. Bila waya ule, mashine ilikuwa sanduku.

— Hakuna spika inashuka, akajibu Breki. Anaingia na Majengo Nyota. Ama lori inalala hapa.

Akapiga mfuko wa shati. Ufunguo ukalia.

— Ninyi wazee, akasema Keziah, padri amesema saa nane. Si saa nane ya Kiturkana. Ana ubatizo Lopur saa kumi.

— Mama Keziah, subiri kidogo, akasema Santuri. Hii ni mambo ya msingi.

— Msingi wa nini? Unajenga?

Santuri alikunywa funda, akafuta masharubu. Keziah aliijua dalili hiyo. Mtu akifuta masharubu kabla ya kusema, unakaa chini.

— Mwaka wa sitini na tatu, Santuri akaanza, nilikuwa na miaka kumi na sita. Bondeni Twist walikuja Kisumu kutoka Nakuru. Magitaa matatu, ngoma moja, suruali za kubana. Unajua kwa nini mkoloni alienda kwao? Watu wanasema siasa. Si siasa! Gavana alialikwa dansi, akajaribu twist, kiuno kikakataa. Usiku huohuo akaanza kufunga masanduku.

— Uongo wa mchana, Wallahi! Breki akaruka. Gavana amefungwa kiuno na watu wa Nakuru? Majengo Nyota ndio bendi. Mimi nilikuwa taniboi, utingo wa lori, Mombasa mwaka wa sitini na sita. Mpiga tarumbeta wao akipuliza Majengo, treni ilikuwa inasimama Mazeras. Dereva anasema nimesikia honi ya treni ingine mbele!

— Mazeras ni mbali.

— Ndio nakwambia mapafu!

— Tarumbeta si mapafu. Ni mate tu.

— Mate? Breki akasimama. Umeita Majengo Nyota mate?

— Keti, Abdimajid, akasema Keziah. Ukisimama, simama kwa lori.

Breki akaketi. Keziah akatazama jua, akatazama lori, akaona kichwa cha mjukuu wake kimeegemea kioo. Msichana alikuwa na miaka ishirini na sita, muuguzi, ameamshwa saa tisa ya usiku kusukwa nywele. Jana alikuwa amemwambia nyanya yake: Cucu, mimi nataka tu kufika. Keziah alikuwa amemwahidi. Ahadi yenyewe sasa ilikuwa imekalia ubao wa lori, inabishana kuhusu mate.

Jaji akakohoa.

— Nyinyi wawili mnapigania mali ya wizi, akasema.

— Ya nani?

— Ya mjomba yangu. Gari ya hao wanamuziki ilikwama Turkwel, mto imejaa. Wakalala siku tatu. Mjomba alikuwa anaimbia ng'ombe yake, ile dume ya pembe ya kupinda. Wao wanasikiliza tu, wanaandika kwa karatasi. Mwezi ikiisha, redio inaimba ile ng'ombe! Maneno wamebadilisha, wameweka jina ya msichana.

— Bendi gani sasa? wakauliza wote wawili kwa pamoja.

Jaji akafikiri.

— Zote mbili. Zilikuja na gari moja.

Hapo ndipo benchi lilipowaka moto. Santuri akasema Bondeni hawawezi kupanda gari moja na Majengo hata gari likiwa la kwenda mbinguni. Breki, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akamuunga mkono, kisha akakumbuka kwamba amemuunga mkono, akaongeza kwamba Bondeni wangelipanda nyuma, na mbuzi. Santuri akasema afadhali mbuzi, mbuzi anajua kuanza wimbo kwa wakati. Breki akasema yeye alimwacha mke wa kwanza kwa sababu ya Bondeni Twist. Jaji akamwambia mke ndiye aliyemwacha. Breki akasema ni kitu kimoja.

Keziah akaweka birika chini kwa kishindo.

— Mimi niliwaona Bondeni Twist, akasema.

Santuri akamwangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake wa miaka thelathini ni malaika.

— Mama Keziah! Hujawahi kusema!

— Hamjawahi kunyamaza. Nakuru, ukumbi wa Bondeni, nilikuwa nauza mandazi mlangoni. Walifika saa nne, wamelewa. Wakapiga wimbo mmoja na nusu, stima ikapotea, ukumbi giza, wakaenda kulala. Ndio hao. Na hiyo nusu ndiyo ilikuwa nzuri. Sasa lete huo waya, na wewe lete ufunguo, bibi harusi aingie na chochote, hata na honi.

Santuri akaukumbatia waya zaidi.

— Nusu gani? Ya mwanzo ama ya mwisho? Kwa sababu kama ni ile yenye solo...

— Ninyi mna kichwa ama mna kibuyu? akauliza Keziah.

Breki alikuwa anacheka. Alipomaliza kucheka akasema kwamba hiyo sasa imethibitisha, Majengo hawajawahi kulewa, walikuwa watu wa dini. Santuri akadai ushahidi. Breki akaapa. Jaji akasema apewe kahawa kwanza ndipo ahukumu, na Keziah akainamisha birika, yakatoka matone mawili na machicha.

Ilikuwa saa tatu na nusu pikipiki iliposimama. Akashuka kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, amebeba sanduku la keki mbele ya kifua kwa mikono miwili. Alikuwa Alier, mdogo wa bwana harusi, aliyetumwa mjini kuchukua keki na kupanda nao lori.

— Ejok, wazee, akasalimu kwa Kiturkana. Mama, shikamoo.

— Marahaba, baba. Karibu kwa wendawazimu.

— Nimekuta mngali hapa, nimefurahi, akasema Alier, akatazama lori mbele na nyuma. Bibi harusi yuko wapi?

Santuri akafungua mdomo. Breki akageuka. Jaji akanyoosha kidole kuelekea lori, na kidole kikabaki hewani, maana mlango wa upande wa pili ulikuwa wazi, kiti kitupu, na mfuko wa nailoni haupo. Hakuna aliyejua ameondoka saa ngapi. Watu wanne, macho manane, hatua kumi.

Keziah akatoa simu kwenye mkanda wa kiuno. Ikaita mara tano. Upande wa pili kulikuwa na ngurumo, na mlio wa mtu kama anayechinjwa.

— Wangari! Uko wapi?

— Cucu, nimepanda lori ya vitunguu ya kwenda Loki, inapitia Kakuma. Ilisimama kujaza upepo hapo hapo mbele yenu. Nilikuita mara tatu.

— Na huyo anayelia ni nani?

— Ni dereva. Hana redio, anaimba mwenyewe. Anaimba vibaya sana, Cucu, lakini gari inaenda.