Mdomo Uliojua Kusema "Nzuri"

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Nimesimama kuwasalimu, na leo salamu yenyewe ndiyo ushuhuda wangu.

Mnanijua, mimi Mama Anna, muuza nyanya wa Kariakoo. Zamani mdomo wangu haukuwa na likizo. Mteja akipita bila kununua, nilimsindikiza kwa maneno mpaka kona. Asubuhi moja napanga mafungu, mkono wa kulia ukalegea, nikaanguka. Kiharusi. Nilipozinduka hospitali, watu wakisema nasikia sauti tu, kama redio ambayo haijashika stesheni. Baadaye maneno yao nikayaelewa, ila yangu hayakutoka. Nilijua nataka maji, neno lenyewe silipati.

Lakini ndugu zangu, salamu zilitoka! Ukisema "Shikamoo", mdomo unajibu "Marahaba". "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Daktari alisema ubongo umeumia pale panapotunga maneno, na salamu, kwa kuwa tumezirudia tangu utotoni, hupita njia nyingine.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, hakukubali. "Salamu anaweza, akiulizwa jambo, kimya. Huyo kanuna tu. Arudishwe kwao Songea, watoto wabaki hapa." Mume wangu hubeba magunia bandarini siku nzima, lakini mbele ya kaka yake hana nguvu. Akainamisha kichwa. Niliumia, jamani, niliumia sana.

Aliyegundua ukweli ni Bi Mwanahawa, Mwislamu tuliyepanga naye nyumba moja. Siku moja Anna, binti yangu, alikuwa na homa kali, Bi Mwanahawa akaniuliza, "Mtoto hajambo?" Nikajibu "Hajambo", na machozi yananitoka. Akanishika mkono.

"Mwenzangu, mdomo wako unajibu usichokitaka."

Tangu hapo kila asubuhi uani ananiuliza habari. Nikisema "Nzuri", anatikisa kichwa, anauliza tena polepole, anangoja. Chai inapoa, yeye anangoja. Nami nilikuwa nikisali. Baba Yetu niliimaliza yote, lakini ombi langu mwenyewe halikuwa na neno hata moja.

Siku ya safari ikafika. Sanduku liko mlangoni, Anna kashikilia kanga yangu. Shemeji akaingia, akasalimu kama desturi, "Shemeji, habari za nyumbani?"

Midomo ikajipanga kusema "Nzuri" ileile. Nikaizuia. Shemeji akataka kuendelea, Bi Mwanahawa akamwinulia mkono anyamaze. Tukangoja.

"Mbaya," nikasema. Kisha nikasema, "Siendi."

Mume wangu hakumtazama kaka yake. Alinyanyua sanduku akalirudisha chumbani.

Ndugu zangu, bado maneno hunipotea, nyanya naweza kuiita ndoo, na wateja wananicheka, nami nacheka nao. Namshukuru Mungu aliyesikia ombi lisilo na neno. Wewe uliyelemewa, mtumaini. Mweleze hali ilivyo, yeye hadai umjibu vizuri.

Na sasa nawauliza, polepole, maana mimi nimejifunza kungoja. Habari za nyumbani?