Mwalimu Simaloi, Aliyefundisha Vijana Kusema na Watu Wasiowaona

Mchungaji, wazee wetu, walimu, wanafunzi wa jana na wa leo, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja hapa Nduruma kumsindikiza mama yetu, poleni na asanteni, nasi familia tunaomba usikivu wenu tuwaeleze alikotoka na alikopitia.

Elizabeth Simaloi Lemomo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1967 katika kijiji cha Ilkiding'a, chini ya Mlima Meru, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Abdiel Yiamat na Mama Nailepu, akabatizwa mwaka huohuo katika usharika wa Kilutheri wa kijijini kwao. Alianza shule ya msingi mwaka 1975 akiwa hajui Kiswahili zaidi ya salamu, wenzake wakamcheka kwa lafudhi yake ya Kimaa, naye badala ya kunyamaza akaishika lugha hiyo kwa mikono miwili mpaka ikawa kazi yake. Alisoma sekondari mjini Arusha kuanzia 1982 hadi 1985, akaenda chuo cha ualimu, na tarehe 1 Julai 1988 akaajiriwa kufundisha Monduli, kabla ya kuhamia mwaka 1999 katika sekondari moja jirani na Tengeru, alikofundisha Kiswahili na Uraia mpaka ugonjwa ulipomtoa darasani.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa takatifu na Bwana Sifaeli Lemomo, mkulima wa hapa Nduruma, na Mungu akawajalia watoto watatu, Anna, ambaye ndiye anayewasomea, aliyezaliwa 1993, Yiamat wa mwaka 1997, na Tajeu, kitinda mimba, aliyezaliwa 2003.

Wengi wenu mmemjua mama kwa somo lake la adabu ya mtandaoni, lakini somo hilo halikuanzia shuleni, lilianzia ndani ya nyumba yake, na kabla hajafariki alituagiza tulieleze kama lilivyokuwa, bila kulipaka mafuta.

Mwaka 2019 baba alipanda nyanya shamba zima, mbegu akiwa amezinunua Tengeru katika duka la pembejeo la Bwana Navin, ambaye baba yake na babu yake pia walifanya biashara Arusha, na ilipofika Juni majani yakakauka kama yaliyopigwa na moto, hapa kwetu na kwa majirani. Tarehe 15 Juni ikaanza kuzunguka kwenye simu sauti ya mtu asiyejitaja jina, akisema kwamba Navin aliuza mbegu zilizokufa huku akijua. Tajeu, aliyekuwa kidato cha tatu katika shule aliyofundisha mama, na wakati huo yuko likizoni, akiwa ametoka kumwona baba yake ameketi kwenye tuta katikati ya nyanya zilizokauka, akaichukua sauti hiyo akairusha kwenye kundi la WhatsApp la darasa lao, ambamo alikuwemo Reshma, binti wa Navin, na chini yake akaandika, "Reshma, mwambie baba yako mrudi kwenu." Wenzake wakapokezana, kila mmoja akitafuta neno chungu kuliko la mwenzake, na siku mbili baadaye mlango wa duka la Navin ulipigwa mawe.

Shule ilipofunguliwa Julai, kiti cha Reshma kilikuwa kitupu. Mama aliuliza darasani, wanafunzi wakainamisha vichwa, na mmoja tu, Parsimei, akamfuata nje akamwambia, "Mwalimu, shikamoo, samahani sana, muulize Tajeu."

Jioni ile mama alimketisha mwanawe jikoni, akamwambia afungue simu asome yote kwa sauti. Tajeu alianza kwa haraka haraka, mama akamwambia asome polepole, tena amtazame usoni kama vile yeye ndiye Reshma, na alipofika kwenye maneno yake mwenyewe sauti ikagoma.

"Mbona unanyamaza?" mama akamuuliza. "Kuandika uliweza."

"Mama, siwezi kumwambia mtu hivi."

"Umeshamwambia. Halafu unamwambia arudi kwao, kwao ni wapi? Amezaliwa hapa kama wewe."

Baba, ambaye jeraha lake la nyanya lilikuwa bado bichi, aliona mambo hayo yaishie nyumbani, akasema, "Mama Anna, usimwanike mtoto wako, mzazi humfunika mwanawe." Mama akamjibu kwamba watoto wengine darasani nao wana wazazi, na kama atawaadhibu hao akamficha wake, hatakuwa na uso wa kusimama mbele yao. Asubuhi akaenda kwa mkuu wa shule, akamtaja Tajeu wa kwanza, na Tajeu akaadhibiwa sawa na wenzake. Mama alituambia baadaye kwamba wakati ule alilia kuliko alivyolia kwenye msiba wa baba yake.

Hakuishia kwenye adhabu. Alimleta afisa ugani shambani, naye akapasua majani mbele ya baba na majirani, akawaonyesha viwavi wa kantangaze, mdudu aliyekuwa ameshambulia hata mashamba yaliyopandwa mbegu za maduka mengine. Baba alimwangalia mdudu yule, akavaa koti, akasema, "Twende Tengeru," na yeye, mama na Tajeu wakaenda dukani kwa Navin kuomba radhi. Navin aliwapokea, akawapa viti. Reshma alitoka nyuma ya duka, akawaamkia mama na baba shikamoo, akamwambia Tajeu, "Nimekusikia, lakini sijasahau," akarudi ndani.

Njiani Tajeu alisema atafuta ule ujumbe yaishe, mama akamwambia kufuta hakutoshi, uongo ulikokwenda na ukweli upelekwe hukohuko. Ndipo Tajeu akarekodi sauti yake, akataja jina lake, akaeleza habari ya kantangaze, akaituma kila alikojua ile ya kwanza imefika. Alitukanwa, akaitwa mtoto wa mama na kibaraka, na alipotaka kuwarudishia, mama akamfundisha kumjibu mtu mara moja kwa heshima, kuhifadhi ushahidi akitishiwa, kumzuia asiyesikia, na kumtafuta pembeni yule anayeshambuliwa ili ajue kwamba hayuko peke yake. Mafundisho hayo mama aliyapeleka darasani, kisha kwa vijana wa usharika na katika shule za Terrat. Reshma alirudi shuleni mwezi Agosti, ingawa hakuzungumza na Tajeu mpaka walipokaribia mtihani wa kidato cha nne.

Mwezi Septemba 2023 mama alianza kupata shida ya kumeza, akagundulika kuwa na saratani ya umio, akatibiwa Arusha na Moshi. Januari mwaka huu mtu mmoja alimpiga picha akiwa amekonda sana, akaiweka mtandaoni kwa maneno ya kejeli, na kabla sisi wanawe hatujajua la kufanya, Reshma, aliyekuwa chuoni, aliiona, akamwandikia mtu yule faraghani, bila tusi hata moja, akimweleza mgonjwa huyo ni nani. Picha ikaondolewa. Reshma akaja nyumbani, akaketi na mama mchana mzima, na Tajeu ndiye aliyewatengea chai.

Mama alifariki Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa baba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, mchungaji na washarika, walimu wenzake waliogawana vipindi vyake, majirani waliotuchotea maji na kutukamulia maziwa, na familia ya Bwana Navin, ambayo tangu siku ya kwanza ya msiba imekuwa hapa jikoni pamoja nasi.

Mwalimu, umetufundisha, umemaliza, sasa lala pema mikononi mwa Bwana. Sere, yeyo. Kwaheri, mama.