Bi Biasha Sheha Mcha, Mwalimu wa Chapa Ambaye Hakuafiki

Wasifu huu umesomwa na mdogo wake, Masoud Sheha Mcha, nyumbani kwa marehemu, Kikwajuni, baada ya hitima, Ijumaa tarehe 10 Septemba 1971.

Ndugu, jamaa na majirani, na nyinyi mliotoka Chuo cha Kisimani mkaja kukaa mkeka wa mbele: jana tuliletewa wasifu wa dada yetu uliokwishaandikwa huko chuoni, umepigwa chapa vizuri, tuusome. Hatuusomi. Tunausoma huu, ulioandikwa na watu waliomuuguza.

Bi Biasha alizaliwa Makunduchi tarehe 3 Machi 1924. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Sheha Mcha, aliyekuwa akichoma chokaa, na Bi Mwanakhamis. Mwaka 1932 aliletwa mjini kwa shangazi yake, katika nyumba hii hii, ili asome. Alikhitimu Kurani akiwa na miaka kumi na moja, kisha akaingia skuli ya wasichana na kuimaliza mwaka 1940. Mwalimu wake mmoja aliandika katika ripoti kwamba ana akili lakini anauliza sana. Mzee wetu aliitunza karatasi ile sandukuni, na kila akija mgeni akimsomea kama sifa.

Mwaka 1943 aliolewa na Bwana Hija Ame, mfanyakazi wa bandarini, mtu mpole aliyekuwa akimpikia chai mkewe bila kujali wanaume wenziwe wanasema nini. Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto wawili, Mwanapili na Ame. Bwana Hija alifariki mwaka 1958, na marehemu hakuolewa tena.

Chapa hakufundishwa na mtu. Mwaka 1946 alikuwa akimshonea nguo mke wa wakili mmoja wa Kihindi huko Shangani. Wakili alikuwa na mashine ya chapa chumba cha mbele, na kila akishakula mchana akilala. Bi Biasha akiinuka kwenye cherehani, akiiendea mashine na kuibonyeza herufi moja moja, polepole, asije akamwamsha. Siku moja wakili akaamka. Alisimama nyuma yake muda mrefu, akasoma, kisha akasema, "Tarehe umekosea. Leo Jumatano." Juma lililofuata akamwajiri, na ofisi ile aliifanyia kazi miaka kumi na saba.

Mapema mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, makarani wengi walikuwa wameshaondoka, na ofisi zikabaki na mashine zisizokuwa na watu. Chuo cha Kisimani kilipofunguliwa mwezi wa Agosti, Bi Biasha aliitwa aanzishe darasa la chapa. Alipewa chumba kimoja na mashine sita, mbili katika hizo mbovu. Asubuhi alifundisha wanaume waliokuwa makazini. Alasiri alifundisha wanawake: wajane, wenye waume, waliotolewa skuli wakaozwa, na wengine wakija na watoto wachanga wakiwalaza chini ya meza. Kwa miaka minne na nusu wanafunzi mia na kumi na wawili walitoka mikononi mwake. Nendeni ofisi yoyote ya mji huu, ulizeni nani kamfundisha karani.

Mwezi wa Januari 1968 chuo kilipata mkuu mpya, Ndugu Mabrouk Jecha. Yupo hapa, mnamwona. Mwaka mmoja baadaye alimletea marehemu makaratasi aliyoyaandika kwa mkono, ayapige chapa yapelekwe kwa wakubwa. Yaliitwa Maendeleo ya Chuo na Mambo ya Kutangulizwa, 1969 hadi 1972. La kwanza lilikuwa ukumbi wa mikutano. La pili, lango jipya. La tatu, nyumba ya mkuu. La nne lilisema darasa la alasiri lifungwe, na chumba chake kiwe ofisi ya msaidizi wa mkuu. Na chini kabisa: "Walimu wote wameafiki."

Marehemu alichukua makaratasi akaenda nayo ofisini kwa mkuu. Waliokuwa chumba cha pili walisikia yote.

"Ndugu Mkuu, kikao hiki kilikaa lini?"

"Bi Biasha, wewe umepewa upige chapa. Hukupewa usome."

"Vidole vyangu havijui kupiga nisichokisoma."

"Basi soma, kisha upige."

"Nshasoma. Walimu tuko kumi na wanne, na hakuna aliyeulizwa."

"Utapiga, hupigi?"

"Nnapiga."

Alirudi kwenye mashine yake, akayapiga yote neno kwa neno, hakuacha hata nukta. Alipofika kwenye mstari wa mwisho akaongeza maneno matatu: "isipokuwa Biasha Sheha." Zilitoka nakala arubaini, zikapelekwa. Mkuu aliyaona maneno yale kwa kuonyeshwa na mkubwa wake.

Baada ya siku nane walimu walikusanywa. Waliambiwa anayesema kwamba Bi Biasha ni mwongo anyoshe mkono. Ilinyoshwa mikono kumi na mitatu. Mingine imo humu ndani leo, na imekula ubwabwa wetu. Marehemu aliitwa mpinga maendeleo mbele ya watu aliokuwa akiwaandikia barua zao bure. Hakulia pale. Alilia hapa, kwenye ngazi hii, akiwa hajavua hata buibui, akamwambia Mwanapili, "Si yeye aliyeniumiza. Ni wale walioinamisha vichwa huku mikono iko juu."

Mwezi wa Machi 1969 alihamishiwa shamba, Kiwengwa, mbali na mji, kufundisha watoto darasa la kwanza. Watu wa Kiwengwa, Mungu awalipe, walimpokea. Bi Wanu, jirani yake, alimchotea maji mpaka siku aliyoondoka. Mwaka uliofuata miguu ilianza kumvimba, na daktari akasema ni figo, awe karibu na hospitali. Aliandika barua tatu kuomba arejeshwe mjini. Uhamisho ule haukuweza kutenguliwa bila ya ridhaa ya mkuu wa chuo. Barua mbili za mwanzo hazikujibiwa. Ya tatu ilirudi na mstari mmoja: "Mwalimu huyu anahitajika shamba." Barua hiyo tunayo, na saini ya mkuu inasomeka.

Mwezi wa Mei mwaka huu, ofisi zilipolalamika kwamba hazipati makarani, chuo kikafungua tena darasa la chapa, lililokuwa limefungwa tangu marehemu ahamishwe, asubuhi tu, na kikatoa kitabu cha mazoezi chenye jina la Ndugu Mabrouk Jecha. Ame alimpelekea mamake nakala Kiwengwa. Marehemu aliifunua, akacheka mpaka akakohoa. "Tazama ukurasa wa tisa," alisema. "Hapa nilikosea mimi nilipoyaandika mazoezi haya mwaka sitini na tano. Kaninakili na kosa langu."

Tarehe 2 Agosti tulimchukua wenyewe bila ruhusa ya mtu, kwa gari la kukodi, tukamleta hapa nyumbani. Akiwa kitandani alimwandikisha Mwanapili mambo yake ya kutangulizwa, akataka yasomwe wahusika wakiwepo. Tunayasoma. Darasa la alasiri la wanawake lirudishwe, na pawe na mahali pa kulaza watoto. Mashine mbili zipelekwe mashamba, kwani huko pia kuna watu wenye vidole. Na neno "wameafiki" lisiandikwe kabla watu hawajaulizwa. Basi, hakutaja lango wala ukumbi.

Bi Biasha alifariki dunia Jumanne tarehe 7 Septemba 1971, baada ya sala ya alfajiri, akiwa na umri wa miaka arubaini na saba. Alizikwa siku ile ile alasiri. Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, mama yake mzazi Bi Mwanakhamis, mimi mdogo wake, na wanafunzi mia na kumi na wawili.

Ndugu Mabrouk ametuma ujumbe kwamba angependa kusema machache. Marehemu alilijua hilo kabla yetu. Jumatatu usiku alinishika mkono akaniambia, "Akija, mpeni kahawa. Msimpe nafasi ya kusema."

Kahawa inakuja, Ndugu Mabrouk.

Nyinyi wengine tuinueni mikono, na safari hii iwe kwa kumwombea: Mola amsamehe, amkunjulie kaburi lake, na ampe huko utulivu alionyimwa hapa. Al-Fatiha.